Jumatano: Kilichobaki Ardhini

Soma Mika 4:1–4. Kwa nini nabii haishii kwenye panga kufuliwa kuwa majembe, bali anaendelea hadi kwa mtu anayeketi chini ya mti wake bila hofu?

Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuteka eneo la kaskazini mwa Mto Kagera. Daraja la Kyaka lilivunjwa, na maelfu ya watu walikimbia wakiacha vibanja na mifugo. Vita ilikwisha mwaka 1979. Lakini bunduki kunyamaza si sawa na amani kufika. Novemba 2017, huko Ngara, mkoani humu humu, bomu la mkono lililipuka katika Shule ya Msingi Kihinga na kuua watoto watano.

Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa. Kifaa cha kutafuta chuma hulia kwa kila msumari. Panya hutafuta harufu ya baruti yenyewe, na zawadi yake ni kipande cha ndizi. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania, aligundua mabomu 71 ya ardhini huko Kambodia. Shamba halirudishwi kwa mkulima mpaka limekaguliwa lote.

Soma Mathayo 5:23, 24 na Waebrania 12:15. Uchungu uliofichwa huwadhuru akina nani?

Ndugu wawili waliogombania mpaka wa kibanja huko Maruku wanaweza kushikana mikono kanisani, huku kila mmoja amezika neno lake moyoni. Miaka ikipita, watoto wao ndio wanaolikanyaga. Ndiyo maana Kristo anamwambia mwenye sadaka aiache kwanza, amwendee ndugu yake. Kupatana kwa kweli hutaja kosa lenyewe, hukiri, na hurudisha kilichochukuliwa. Na kwa kuwa mtu hayaoni yote yaliyomo ndani yake, mtunga zaburi alimwomba Mungu amchunguze (Zaburi 139:23, 24).

Ni jambo gani umelizika badala ya kuliondoa? Ni nani ataumia likibaki hapo? Utamwendea nani kabla ya Sabato?