Somo la 4: Kuchagua na Kusakinisha Mandhari ya Blogu

Mandhari ndiyo inayopanga rangi, herufi, menyu na mahali pa picha katika blogu. Makala zenyewe huhifadhiwa kando, katika hifadhidata, na kwa hiyo mwenye blogu aweza kubadili mandhari bila kupoteza aliyoyaandika. Maelezo haya yanahusu WordPress, programu huria iliyoanza mwaka 2003.

Wengi huvutiwa na picha za maonyesho, wakasahau kwamba kwa kawaida picha hizo haziji pamoja na mandhari. Mwongoza wageni wa michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, anahitaji nafasi pana ya picha. Mkulima wa zabibu wa Hombolo anayetangaza bei anahitaji maandishi yanayosomeka juani, katika simu ndogo. Wote wawili wapime uzito. Ukurasa wa megabaiti 5 ukifunguliwa na wasomaji 20 umekwisha kula megabaiti 100 za vifurushi vyao, na mteja aliyekwisha kuishiwa bando hasubiri. Mfano wa mandhari ujaribiwe katika simu ya kawaida, si katika kompyuta ya ofisini tu.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote imo katika mandhari za kulipia zinazogawiwa bure na watu wasiojulikana. Faili hizo mara nyingi hutiwa msimbo wa siri unaopachika viungo vya kamari, unaowahamishia wasomaji kwenye tovuti nyingine, au unaomwezesha mgeni kuingia atakapo. Ikiwa blogu inapokea majina na namba za simu za wateja, hasara si ya mwenye blogu peke yake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde. Asiye na fedha atafute katika orodha rasmi ya WordPress, ambamo mandhari za bure hukaguliwa kabla ya kupokelewa, na atazame tarehe ya sasisho la mwisho. Iliyotelekezwa kwa miaka aiache.

Kabla ya kusakinisha, nakala ya akiba ya faili na ya hifadhidata itolewe na kuwekwa nje ya seva. Kisha katika dashibodi afungue Muonekano, Mandhari, halafu Ongeza. Iliyonunuliwa hupakiwa kama faili ya zip, bila kuifungua, isipokuwa muuzaji ameifungasha pamoja na nyaraka nyingine. Aitazame kwanza kwa onyesho la awali, ndipo aiwashe. Menyu huenda zikahitaji kupangwa upya. Marekebisho ya msimbo yafanywe katika mandhari-mtoto, kwa kuwa sasisho hufuta yaliyoandikwa ndani ya mandhari yenyewe.

Anayemwajiri fundi aandikiane naye mkataba. Kikoa cha .tz, leseni ya mandhari na akaunti ya msimamizi viwe kwa jina la mwenye blogu, na nywila ibadilishwe siku ile ile kazi inapokabidhiwa.