Dondoo muhimu: Elmu kubwa bustanini

Mitaa mingi ya Marekani ilifunikwa na matawi ya miti ya elmu, hadi kuvu ya ugonjwa inayosambazwa na mbawakawa wa magome ilipoingia miaka ya 1930 na kuiua miti hiyo. Ukitaka kurudisha sura ile ya kizamani, usinunue elmu yoyote tu. Tafuta aina za Princeton au Valley Forge, zinazostahimili ugonjwa huo. Mti mkubwa uhamishwe kabla haujachipua. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, ila kina kisizidi bonge lenyewe. Pale shina linapotanuka kuelekea mizizi paonekane juu ya udongo: kuzika shina huua miti ya bei mbaya. Mwagilia misimu miwili, mitatu. Pogoa wakati wa baridi tu, kwani kidonda kibichi cha kiangazi huwaita mbawakawa.