Msukumaji na mkwepaji: somo juu ya mchezo wa ngumi

Tangu muhula uanze kuna mabishano makali katika mabweni, na yamefika paka kwenye meza ya chakula. Wamoja wanasema: mpiga ngumi anayerudi nyuma ni mwoga. Wengine wanajibu: anayeenda mbele kila saa hana akili, anatembea tu kufuata ngumi ya mwenzake. Sisi wa kalasi ya mwisho tumeombwa kuandika somo juu ya jambo hili. Tumekubali, sababu saa ya mapumziko tunaona watoto wa kalasi za chini wanaegemea ukuta, wanafunika uso, wanaacha wenzao wawapige tumboni na kichwani, kiisha wanapiga kelele “Ali! Ali!” Tutafika hapo.

Kwanza tuwajue watu hawa wawili. Msukumaji ni mtu anayetaka kupigana karibu. Anasonga mbele, anabana, hataki mwenzake apate pumzi. Mkwepaji hapendi kuanza. Anangoja wewe urushe mkono, anaondoa kichwa kidogo tu, na wakati mkono wako ungali njiani anakupiga pale ulipoacha wazi. Ukirusha mkono wa kuume kwa nguvu zote, taya lako la kuume limebaki bila mlinzi. Tena uzito wako wote umekwenda mbele: ngumi yake haikungoji, wewe mwenyewe unakwenda kukutana nayo. Mwalimu wetu wa fizika anaweza kuwaeleza vizuri kuliko sisi, lakini kila mmoja anajua kwamba watu wawili wanaogongana wakikimbia wanaumia kupita yule aliyegonga mti akitembea.

Kwa hiyo msukumaji anayerusha ngumi kubwa kutoka mbali anamlisha mkwepaji. Afanye nini basi? Hapa njo penye somo lenyewe, na si katika mikono, ni katika miguu.

Ringi ina pande nne, na kila upande una mita 5 au 6 hivi. Mkwepaji anazunguka pembeni, msukumaji anakaa katikati. Msukumaji mjinga anafuata nyuma: mwenzake akienda kushoto, yeye anamfuata pale alipokuwa, na akifika mtu hayuko tena. Msukumaji mwenye akili hafuati, anakata njia. Anapiga hatua moja ya pembeni, bila kupishanisha miguu, anasimama pale mwenzake anapotaka kupita. Chukueni kamba na chaki, mchore duara: yule wa nje anatembea njia ndefu, yule wa ndani anatembea njia fupi, na bado wanaonana uso kwa uso. Hatua kwa hatua uwanja unapungua, paka mkwepaji anajikuta katika pembe. Tena msukumaji asipige ngumi yake ya kwanza kwa kweli. Adanganye kwa bega, ili mwenzake ajibu kitu ambacho hakikuja. Na apige mwili kabla ya kichwa: kichwa kinakwepa, lakini tumbo na mbavu haziwezi kwenda mbali.

Joe Frazier alifanya hivyo tarehe 8 Machi 1971 mjini New York. Muhammad Ali alimpita urefu kwa karibu sentimita 10, na alikuwa mwepesi wa miguu kuliko watu wengi wa uzito wake. Frazier aliingia chini, kichwa kinayumba huku na huku bila kusimama, akapiga mbavu, akapiga hata mikono. Mwalimu wake mmoja, Eddie Futch, alikuwa ameona kwamba Ali akitaka kupiga ngumi ya kutoka chini anashusha mkono wa kuume. Ile saa upande ule uko wazi kwa kroshe ya kushoto. Katika raundi ya 15 kroshe hiyo ilimwangusha Ali chini. Aliinuka, lakini waamuzi wote walimpa Frazier ushindi. Kumbe kusonga mbele si kukosa akili.

Lakini ninyi mnaosema kurudi nyuma ni woga, angalieni mwaka wa 1980. Tarehe 20 Juni, mjini Montreal, Sugar Ray Leonard wa Marekani alikutana na Roberto Durán wa Panama, msukumaji mkali sana. Leonard alikuwa na miguu mizuri, lakini alisimama kubadilishana naye ngumi kama mtu anayetaka kuonyesha kwamba haogopi. Akashindwa kwa pointi. Tarehe 25 Novemba, mwaka ule ule, walirudiana mjini New Orleans. Leonard alitembea, aligeuka pembeni kila Durán alipoingia, alimfanya akose tena na tena. Katika raundi ya 8 Durán aligeuza mgongo akamwambia mwamuzi kwamba hataki kuendelea. Watu ni wale wale, na miezi mitano tu imepita. Je, Leonard alikuwa shujaa mwezi wa sita, akawa mwoga mwezi wa kumi na moja? Wenye kubishana watujibu.

Sasa tufike kwetu, Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, wakati inchi iliitwa Zaïre. Pigano lilipaswa kuwa Septemba, likaahirishwa sababu George Foreman alipasuka juu ya jicho katika mazoezi. Walianza karibu saa kumi ya usiku, ili watu wa Marekani waweze kutazama saa zao za jioni. Foreman alikuwa na miaka 25, Ali 32. Foreman alikuwa amewamaliza wapinzani wake watatu wa mwisho, Frazier katikati yao, kwa raundi mbili au moja.

Watu husahau raundi ya kwanza. Ali hakuanza kwa kamba. Alianza kwa kutembea, na tena kwa kupiga mkono wa kuume moja kwa moja, jambo ambalo Foreman hakulitazamia. Lakini Foreman alijua kukata njia. Ali aliona kwamba yeye anapiga hatua nyingi na mwenzake chache, na kwamba kwa namna hiyo miguu itakwisha mapema. Njo maana tangu raundi ya pili alikwenda mwenyewe kwenye kamba, kabla ya kupelekwa. Kamba zilikuwa zimelegea, aliweza kulala nyuma ili ngumi za kichwa zipungukiwe. Alifunika, alishika shingo ya Foreman na kuielemea, na kila Foreman alipochoka kurusha, alijibu ngumi mbili tatu za haraka usoni. Hakukaa tu kupigwa. Kabla ya mwisho alikuwa mbele kwa pointi kwa waamuzi wote watatu. Katika raundi ya 8 alitoka kwenye kamba, akapiga kushoto na kuume, Foreman akazunguka akaanguka.

Hivi, watoto wa ukuta, mmechukua nusu ya somo, tena nusu mbaya. Ukuta haulegei kama kamba. Ninyi hamna glovu, hamna mwamuzi, hamna miaka ishirini ya mazoezi. Na hata Ali mwenyewe aliendelea kupokea ngumi nyingi kwa namna ile miaka iliyofuata. Mwaka wa 1984 alitangazwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson, mikono ikatetemeka, maneno yake, yeye aliyekuwa msemaji kuliko wote, yakapungua, paka alipokufa mwaka wa 2016. Hatusemi kwamba usiku wa Kinshasa njo ulioleta yote. Lakini waganga wanajua kwamba ngumi nyingi za kichwa zinaharibu ubongo, na ubongo haushonwi kama ngozi ya juu ya jicho. Kwa hiyo tangu leo mchezo wa ukuta umekatazwa katika kiwanja, na makapita wa kalasi wataangalia.

Wanaotaka kujifunza waje siku ya posho, baada ya salongo, kwenye kiwanja cha basketi. Tutachora mraba wa mita 6 kwa chaki. Wawili wataingia, mikono imefungwa nyuma, hakuna kupiga. Mmoja akimbie, mwingine amfunge katika pembe kabla ya dakika 3 kwisha, kiisha wabadilishane. Mlete viatu visivyoteleza.