Kabla ya Kuomba Uzamili wa Afya ya Akili ya Watoto

Wengi wanaotaka kusomea uzamili wa afya ya akili ya watoto na vijana huanza kwa kuuliza ada na ufadhili. Anza na hili: nitakaa na watoto wangapi, na nani atanisimamia?

Jibu lake hutenganisha kozi zinazofanana majina. Shahada nyingi za mwaka mmoja za Uingereza ni za nadharia na utafiti. Hazikupi ruhusa ya kutibu. Zinamfaa mwalimu au ofisa ustawi wa jamii. Ukitaka kutibu, tafuta kozi yenye mafunzo ya vitendo hospitalini, kama saikolojia tiba ya Muhimbili au ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Ibadan, Nigeria, kuna kituo mahsusi cha fani hii kinachotoa shahada ya uzamili.

Kinachowachelewesha wanafunzi ni vibali vya utafiti. Mtoto wa chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, kisha yeye mwenyewe akubali. Bado kuna kamati ya maadili ya chuo, na kibali cha kitaifa cha utafiti: NIMR kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya. Ukichagua kufanyia utafiti shule ya bweni, wazazi wa wanafunzi wako mbali. Omba nafasi siku ya kikao cha wazazi, ugawe fomu za ridhaa hapo hapo. Tasnifu ikiwa ya mwaka wa pili, maombi ya vibali yaandike mwaka wa kwanza.

Halafu lugha. Dodoso la SDQ la Robert Goodman, la kupima hisia na tabia za watoto, lililochapishwa mwaka 1997, lina maswali 25 na tafsiri ya Kiswahili ipo. Hata hivyo, wasomee kwanza watoto watano wa mtaani kwako, uone wanapokwama. Mtoto hatakwambia ana sonona. Atasema anawaza sana, kichwa kinamuuma, moyo unamwenda mbio, hana raha. Maneno hayo yaandike kwenye daftari kama yalivyotamkwa. Hayo ndiyo hazina yako, kuliko jedwali lolote.

La mwisho ni zito. Ukiuliza kuhusu kupigwa, kuguswa au kutamani kufa, wapo watakaokujibu ndiyo. Simu ya msaada kwa watoto, Tanzania na Kenya, ni 116. Haitoshi. Nenda kituo cha afya cha karibu, ujue nani atampokea mtoto huyo siku hiyo hiyo. Kabla hujampata mtu huyo, tafadhali usiyaulize maswali hayo.