Kamera ya Joto: Yale Inayoonyesha na Yale Isiyoonyesha



Miezi michache iliyopita, kijana mmoja alifika ofisini kwetu Kigobe akiwa na simu mkononi na hofu usoni. Alikuwa amenunua kamera ndogo ya joto, ile inayochomekwa chini ya simu. Usiku wa kwanza tu, alipoielekeza kwenye lango la jirani yake, aliona umbo jeupe la mtu limesimama kimya, likimtazama. Aliwaita wenzake, na wote wakaamini kuwa kuna mwizi aliyejificha nyuma ya lango. Bahati njema, mzee mmoja wa mtaa aliwazuia wasiingie na mapanga. Nasi tulimpeleka kijana huyo nyuma ya ofisi, palipoegemezwa mabati mapya yasiyopakwa rangi, tukamwomba aielekeze kamera yake huko. Umbo lilelile likatokea. Alipoinua mkono, nalo likainua mkono.

Tulicheka pamoja naye, lakini tulibaki na wasiwasi. Vifaa hivi vimeanza kuonekana kwa mafundi wa Buyenzi na kwa vijana wapendao kujifunza mambo mapya, hata katika vijiji vya mpakani. Jambo hilo hatulipingi. Tunalotaka ni kwamba mwenye kifaa aelewe anachokitazama kabla ya kumnyooshea mtu kidole.

Wengi wenu mnakikumbuka kipimajoto kilichoelekezwa kwenye paji la uso wakati wa Ebola ya mashariki mwa Kongo, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, na tena wakati wa korona. Kile kilipima nukta moja. Kamera ya joto hufanya kazi hiyohiyo kwa maelfu ya nukta mara moja, kisha ikachora picha. Kila kitu, hata jiwe, hutoa mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho. William Herschel aliigundua mwaka 1800 alipoweka kipimajoto pembeni mwa rangi nyekundu ya mwanga wa jua. Kwa hiyo kamera hii haihitaji taa wala mbalamwezi. Lakini inasoma uso wa kitu tu. Haipenyi ukuta, haipenyi mlango, wala haipenyi kioo cha dirisha: mwenye kutazama dirishani hujiona mwenyewe, kama yule kijana.

Kamera za bei nafuu za kuchomeka kwenye simu huuzwa kwa takribani dola 200 hadi 400 za Marekani. Kabla ya bei, tazama idadi ya nukta. Yenye nukta 80 kwa 60, yaani 4,800, inatosha kutazama soketi iliyo mbele yako, lakini mtu aliye mbali huwa doa tu. Yenye 256 kwa 192 ina nukta zaidi ya 49,000, na tofauti hiyo utaiona mara moja. Hakikisha pia kwamba kichomeko kinalingana na simu yako. Baadhi ya kamera za bei nafuu hutoa picha zisizofikia 9 kwa sekunde, hivyo kitu kinachotembea huonekana kurukaruka. Sababu yake si uduni wa fundi: kamera zenye kasi zaidi ya hiyo huwekewa masharti makali na baadhi ya nchi zinazoziuza nje, kwa kuwa zinaweza kutumika vitani. Na ukisikia mlio mdogo kila baada ya muda, usishtuke. Ni kamera inayojifunga kidogo ili kujisahihisha.

Zoezi la kwanza lifanyike nyumbani, na mezani. Weka kiganja ukutani kwa dakika nzima, kiondoe, kisha utazame: alama ya mkono itabaki pale. Halafu weka kikombe cha chai ya moto kwenye picha, na utazame ukuta uleule ukibadilika rangi ilhali joto lake halikubadilika. Hapa ndipo wanaoanza hupotea. Rangi si za kweli. Kamera huzigawa upya kila mara kati ya kilicho baridi zaidi na kilicho moto zaidi mbele yake. Chumba chenye tofauti ya nyuzi mbili tu kinaweza kuonekana kama kinawaka moto. Soma namba, usisome rangi. Na hata namba hudanganya kwenye sufuria inayong'aa au bati jipya, kwa sababu vitu hivyo huakisi joto la vingine. Bandika kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme juu ya sufuria, ngoja kidogo, kisha upime juu ya utepe huo.

Faida iliyo karibu zaidi ni usalama wa moto. Sisi wa Bujumbura tuliouona soko kuu likiteketea tarehe 27 Januari 2013 hatuhitaji kuhubiriwa juu ya moto. Kamera hii huonyesha makaa yaliyojificha ndani ya majivu, na soketi yenye joto kuliko wenzake zinazobeba mzigo uleule, jambo ambalo mara nyingi ni ishara ya waya uliolegea. Usifungue kifuniko, mwite fundi.

Porini, kamera bora zaidi zimefanya makubwa. Mwaka 2016, WWF na Shirika la Wanyamapori la Kenya walianza kuzitumia usiku katika Maasai Mara, na wawindaji haramu zaidi ya 20 wakakamatwa. Lakini hata huko picha haikumkamata mtu yeyote. Askari waliofunzwa ndio waliokwenda kuhakikisha.

Hapa tunawasihi hasa ndugu zetu wa Gatumba na wa kandokando ya Rusizi. Msiitegemee kamera hii kuwaambia kama maji ni salama. Mionzi ya joto haipiti majini, hivyo kiboko aliyezama haonekani, na aliyetoka majini punde ana ngozi yenye maji, huonekana hafifu. Mamba ni hatari zaidi: damu yake hufuata joto la mahali alipo, na anaweza kulala mchangani mbele ya kamera yako bila kuacha hata kivuli. Picha tupu ya ufuo haina maana kwamba ufuo ni mtupu.

Kuhusu mpaka wenyewe: uingiapo na kifaa hiki kupitia Gatumba au Kobero, kionyeshe forodhani pamoja na risiti yake. Usikielekeze kwenye kituo cha mpaka, kambi, au askari wa doria, wala kwenye ua wa jirani. Ukiona umbo la mtu usiku, umeona joto. Hujaona mwizi, wala hujaona mgeni. Huenda ni mvuvi anayerudi, au mama aliyetoka na mtoto mgonjwa. Mjulishe mkuu wa mtaa au polisi, nawe ubaki ulipo.

Yule kijana alirudi kwetu baada ya wiki tatu. Safari hii alileta picha ya soketi mbili katika duka la mama yake, moja ikiwa na nyuzi 31 na nyingine 58. Fundi alikuta skrubu imelegea na plastiki imeanza kuwa nyeusi.