Simbilisi Anapohema kwa Shida
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya za Usagara na pwani ya Tanga

Soma hapa kwanza

Ukiona simbilisi wako anapumua huku mdomo umefunguka, ufizi umekuwa wa kijivu au buluu, amelala ubavu bila nguvu, au hajagusa chakula tangu jana, usiendelee kusoma. Mweke kwenye boksi lenye matundu na nyasi kavu, umpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi.

Usimpe amoksilini, ampisilini wala penisilini iliyobaki kabatini. Dawa hizo humsaidia mtoto wako, lakini zinaweza kumuua simbilisi ndani ya siku chache. Kama utakumbuka jambo moja tu katika kijitabu hiki, liwe hilo.

Mfahamu mnyama wako

Asili ya simbilisi ni milima ya Andes huko Amerika Kusini. Hapa Tanzania, kaya nyingi za Nyanda za Juu Kusini, hasa Iringa, Njombe na Mbeya, humfuga kwa ajili ya kitoweo. Kijitabu hiki kinamhusu yule anayefugwa nyumbani kama mnyama wa watoto, anayeshikwa, kubebwa na kulishwa kila siku. Mambo matatu ya mwili wake humfanya aathirike vibaya na magonjwa ya njia ya hewa.

*Anapumua kwa pua.* Mtu mwenye mafua huzibwa pua akapumua kwa mdomo. Simbilisi hawezi kufanya hivyo kwa urahisi. Makamasi yakimziba pua, tayari yuko hatarini, na akifikia kupumulia mdomo, hali ni mbaya sana.

*Mwili wake hautengenezi vitamini C.* Mwaka 1907 watafiti wawili wa Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich, walionyesha kwamba simbilisi wanaolishwa nafaka tupu hupata kiseyeye. Kwa hiyo simbilisi anayekula pumba za mahindi bila majani mabichi hudhoofika kinga, na mafua madogo hugeuka nimonia.

*Anaficha ugonjwa.* Porini mnyama mdogo anayeonekana mgonjwa ndiye anayeliwa kwanza, hivyo simbilisi hujikaza mpaka nguvu zimwishie. Unapouona ugonjwa leo, huenda ulianza siku kadhaa zilizopita.

Ugonjwa unatoka wapi

Nimonia ya simbilisi mara nyingi husababishwa na bakteria wa aina mbili. Wa kwanza ni Bordetela, ambao sungura, mbwa na paka wanaweza kuwabeba puani bila kuumwa. Ndiyo maana simbilisi na sungura hawafai kukaa banda moja, hata kama wanaonekana kupatana. Wa pili ni Streptokoka wa nimonia, ambao hukaa pia kwenye pua na koo za watu, hasa watoto. Mtoto mwenye mafua anayempiga busu simbilisi wake anaweza kumwambukiza.

Bakteria hawa hushinda pale mapafu yanapokuwa yameshachokozwa. Katika nyumba zetu za pwani, chunguza haya:

- moshi wa jiko la mkaa, wa sigara na wa dawa ya mbu ya kuchoma;
- udi na ubani vinavyofukizwa chumba alimo simbilisi;
- dawa za kupuliza wadudu na manukato makali;
- vumbi la mbao linalotandikwa bandani;
- mkojo uliokaa siku nyingi. Ukiinama usawa wa banda na harufu ikakukera pua, yeye anaivuta usiku na mchana;
- unyevunyevu wa masika, pale matandiko yanaposhinda mabichi.

Dalili za kuangalia

Simbilisi mzima akipata vumbi hupiga chafya moja mbili, kisha anaendelea kula. Pia hutoa machozi meupe kama maziwa, akajipakaza usoni kwa miguu ya mbele. Hayo ni ya kawaida, huo ndio usafi wake.

Zisizo za kawaida ni hizi:

- chafya za mfululizo, makamasi au ukoko puani;
- tongotongo zinazogandisha macho;
- manyoya ya miguu ya mbele kulowa na kushikana, kwa sababu anajifutia pua;
- kujikunyata pembeni, manyoya yamesimama;
- mlio wa kukwaruza au wa mluzi anapopumua;
- mbavu na tumbo kwenda kwa nguvu kila pumzi;
- kinyesi kupungua au kuwa kidogokidogo, ishara kwamba hali chakula;
- kupungua uzito.

*Namna ya kuhesabu pumzi.* Ngoja atulie, usimshike. Tazama ubavu wake nyuma ya mguu wa mbele. Ubavu ukipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima ukitumia saa ya simu. Simbilisi aliyetulia mahali penye hewa hupumua kati ya mara 40 na 100. Akizidi hapo ukiwa umerudia kuhesabu, na ana dalili nyingine, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

*Namna ya kupima uzito.* Tumia mizani ya jikoni na bakuli. Mpime kila wiki akiwa mzima, na kila siku akiwa mgonjwa, saa ileile. Wa gramu 900 akishuka hadi 810 amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Hiyo ni hatari, hata kama bado anatembea.

Ni nimonia au ni joto?

Simbilisi hustawi kwenye nyuzi 18 hadi 24. Tanga wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, mchana hupita nyuzi 30, na chini ya bati huzidi hapo. Simbilisi aliyezidiwa na joto hulala akiwa amenyooka, akahema harakaharaka, akatokwa mate, masikio yakawa ya moto. Kwa kawaida hana makamasi wala tongotongo.

Mhamishie kivulini penye upepo. Mlowanishe masikio na miguu kwa maji ya kawaida, usimtumbukize kwenye maji ya barafu. Mwekee maji ya kunywa karibu, lakini usimlazimishe. Kisha mwone daktari, kwa sababu joto kali huumiza viungo vya ndani.

Wakati unajiandaa kwenda kwa daktari

1. Mtenge na wenzake, katika chumba kingine kama kipo. Wahudumie wazima kwanza, mgonjwa awe wa mwisho, kisha unawe mikono kwa sabuni.
2. Ondoa maranda na vumbi la mbao. Tandika kitambaa safi cha pamba, uweke nyasi kavu zisizo na ukungu.
3. Mweke mahali penye hewa lakini asipigwe na upepo moja kwa moja.
4. Futa pua na macho kwa kitambaa laini kilicholowekwa kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa hadi uvuguvugu. Ukoko ukigoma, ulowanishe tena, usiubandue kwa kucha.
5. Usimfukize nyungu wala kumpaka dawa za mafua zenye harufu kali. Mvuke wa moto humwunguza, na mafuta makali humchokoza mapafu.

Andika kwenye karatasi uzito wake, idadi ya pumzi, siku dalili zilipoanza, chakula anachokula, na dawa yoyote aliyokwisha kupewa. Madaktari wetu wengi hutibu zaidi ng'ombe, mbuzi na kuku, kwa hiyo taja waziwazi: "Huyu ni simbilisi, hafai kupewa dawa za jamii ya penisilini." Hilo siyo kumfundisha daktari kazi, ni kumrahisishia.

Kama hujui pa kuanzia, mwone ofisa mifugo wa kata yako. Tanga mjini unaweza pia kuuliza katika Kampasi ya Buhuri ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo (LITA), ambako wataalamu wa afya ya mifugo hufundishwa. Ugonjwa unaohitaji uchunguzi mkubwa unaweza kupelekwa hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro.

Kwa nini dawa ya mtu haifai

Utumbo wa simbilisi umejaa bakteria wema wanaomeng'enya nyasi. Amoksilini, ampisilini, penisilini, linkomisini, klindamisini na erithromisini huwaua hao wema, kisha bakteria wabaya waitwao Klostridia wanajaa na kutoa sumu. Mnyama anaharisha, anapoa mwili, anakufa, na mwenye nyumba anadhani ni ile nimonia imemuua. Oksitetrasaiklini, inayouzwa sana kwenye maduka ya dawa za mifugo, nayo inaweza kumdhuru.

Dawa ambazo daktari huzitumia zaidi kwake ni enrofloksasini, au trimethoprimu iliyochanganywa na salfa. Hizo nazo usijinunulie. Enrofloksasini ya kuku hutengenezwa kwa ajili ya maji ya kundi zima, na tone la ziada ni kubwa kwa mwili wa gramu 900. Daktari hupiga hesabu kwa uzito. Ukishapewa, mpe kwa siku zote alizoandika, hata kama simbilisi ameanza kurukaruka siku ya tatu.

Jambo hili linatugusa na sisi wenyewe. Dawa ikitumiwa ovyo, iwe kwa mtu, kuku au simbilisi, vimelea huizoea, na kesho haimtibu mtoto. Wataalamu huita hali hiyo usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Usiweke akiba ya vidonge vilivyobaki, na usimgawie jirani.

Chakula ni nusu ya tiba

Utumbo wa simbilisi haupaswi kusimama. Akikaa siku nzima bila kula, gesi inajaa, na tatizo la pili linaongezeka juu ya lile la mapafu. Mwekee nyasi saa zote: ukoka, matete machanga, au nyasi kavu.

Simbilisi mzima anahitaji miligramu 10 hadi 30 za vitamini C kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mgonjwa anahitaji 30 hadi 50. Pera ni tajiri sana kwa vitamini hii: kipande cha gramu 20 kina takribani miligramu 40. Pilipili hoho, sukuma wiki na matembele husaidia pia, na kipande kidogo cha chungwa la Muheza kinafaa mara mojamoja. Usitie vitamini kwenye maji ya kunywa, kwa sababu mwanga huiharibu na ladha humfanya akatae maji. Usimpe kisamvu kibichi, kina sumu, wala majani ya nyanya na ya viazi mviringo.

*Akigoma kula kabisa,* mlishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Loweka chakula cha vidonge cha sungura kisichochanganywa na dawa mpaka kiwe uji laini, uongeze pera lililopondwa na kutolewa mbegu. Mfunge kwa kanga, kichwa kikiwa nje, akae kwa miguu yote minne. Kamwe usimlaze chali. Ingiza ncha ya bomba pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, usukume nusu mililita. Ngoja. Utaona taya linatafuna, kisha anameza. Ndipo uongeze. Akikohoa au uji ukitoka puani, simama mara moja.

Kwa simbilisi wa gramu 900 lenga angalau mililita 50 kwa siku, zigawe mara 5 au 6. Anayehema kwa nguvu sana usimlishe kwa bomba kabla daktari hajamwona, kwa sababu chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Kuwalinda watu wa nyumbani

Bordetela huwapata watu kwa nadra, lakini mwenye kinga dhaifu anaweza kuugua. Wazee sana, watoto wachanga, wanaoishi na VVU na wanaotumia dawa za kupunguza kinga wasisafishe banda la mgonjwa. Wengine wote wanawe kwa maji tiririka na sabuni baada ya kumshika. Vyombo vyake visioshwe kwenye karo la jikoni pamoja na sahani.

Maambukizi huenda pia upande wa pili. Simbilisi huambukizwa kifua kikuu kwa urahisi. Robert Koch alipotangaza ugunduzi wa bakteria wa ugonjwa huo mwaka 1882, alikuwa amemtumia simbilisi katika majaribio yake. Mtu yeyote nyumbani aliyekohoa kwa wiki 2 au zaidi aende kituo cha afya. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali.

Simbilisi akifa kwa ugonjwa, asiliwe, wala asipewe paka au mbwa. Mfukie kwenye shimo refu mbali na kisima, uoshe banda kwa sabuni, kisha kwa maji yenye klorini, ulisuuze na kulianika juani. Waambie watoto ukweli kuhusu kilichotokea, na uwaache wamlilie.

Kinga: ratiba ya nyumba

- *Kila siku:* majani mabichi yenye vitamini C, nyasi, maji safi. Toa matandiko yaliyolowa.
- *Kila wiki:* mpime uzito uandike, osha banda lote, lianike.
- *Masika:* inua banda kutoka sakafuni, badilisha matandiko mara nyingi zaidi.
- *Kaskazi:* mwondoe chini ya bati, mwekee chupa ya maji baridi iliyofungwa kwa kitambaa aegemee.
- *Simbilisi mgeni:* akae peke yake siku 14 hadi 21 kabla ya kuchanganywa na wengine.
- *Mtu mwenye mafua:* ampumzishe simbilisi mpaka apone, au avae barakoa na kunawa mikono.

Mpe mtoto mmoja daftari la simbilisi: tarehe, uzito, amekula nini. Mtoto anayejua kusoma mizani ataona gramu zinashuka kabla mtu mzima hajasikia chafya, na hapo kuna muda wa kutosha wa kumwahi daktari.