Kutoka Posta hadi Seva: Istilahi za Kiswahili katika Kujifunza Usimamizi wa Barua Pepe za Ofisi

Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kufundishia sayansi na teknolojia aghalabu huishia kwenye orodha za istilahi: ama tarakilishi, ama kompyuta, ama ngamizi. Ni nadra kuulizwa swali jepesi zaidi, yaani mtu anayejifunza kazi kwa istilahi hizo huelewa nini, na hupotoka wapi. Makala haya yanalichunguza swali hilo kupitia kazi moja mahususi, kusakinisha na kusimamia seva ya barua pepe ya ofisi. Mfano unaotumiwa ni wa kubuni: ofisi ya ushirika wa wakulima wa mahindi mjini Kitale, na msaga unga wa Bungoma anayenunua mahindi yao. Kila upande una seva yake. Karani kijana wa Kitale amekabidhiwa seva ya ushirika. Amesomea kompyuta kwa Kiingereza, lakini mwenyekiti akimuuliza kwa nini ankara haikufika Bungoma, swali huja kwa Kiswahili na jibu halina budi kuwa la Kiswahili.

Sakini, sakinisha

Kitenzi sakinisha kimetokana na sakini, yaani kukaa mahali, na kina undugu na maskani. Uteuzi huu ni wa busara kuliko unavyodhaniwa. Programu kama Postfix, iliyoandikwa na Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998, huingizwa katika mashine kwa dakika chache. Hapo imeingia tu, haijasakini. Ili isakini yapaswa ipewe jina, ijue kikoa chake, itambue wenyeji wake na iwekewe mipaka ya wageni. Karani anayedhani kazi imekwisha programu ilipoingia amemkaribisha mgeni asiyemwonyesha hata mlango wa nyuma.

Neno kikoa nalo lina utajiri wake. Katika Kiswahili cha zamani, kula kikoa ni kula pamoja, kila mmoja akichangia au akiandaa kwa zamu. Watumiaji wote wa anwani za ushirika wanakula kikoa kimoja kwa maana hiyo hasa, maana mmoja wao akituma barua taka, jina linaloharibika ni la wote.

Sitiari ya posta

Istilahi nyingi za uwanja huu zimejengwa juu ya sitiari ya posta: barua, anwani, sanduku, foleni. Sitiari hii humfikisha mwanafunzi mbali. Barua ya karatasi itokayo 30200 Kitale kwenda 50200 Bungoma haihitaji karani wa posta amjue mpokeaji. Msimbo wa mji unatosha, na posta ya Bungoma itajua sanduku. Seva nayo hufanya vivyo hivyo. Haimtafuti msaga unga mwenyewe. Huuliza katika mfumo wa majina ya vikoa ni seva ipi inayopokea barua za kikoa chake, kisha huibishia hodi mlango wa 25. (Mfasiri asiyeijua kazi angeshawishika kuandika bandari ya 25, na hata msomaji wa Mombasa angeduwaa.)

Mazungumzo yanayofuata huongozwa na itifaki ya SMTP, iliyoainishwa na Jonathan Postel mwaka 1982, nayo huanza kwa salamu. Seva ya Bungoma hujitambulisha kwa msimbo 220. Ya Kitale husalimu kwa amri ya EHLO na kutaja jina lake. Humtaja mtumaji, kisha mpokeaji, kisha husoma barua yenyewe hadi nukta moja iliyosimama peke yake mstarini. Ikijibiwa 250, barua imepokewa, na dhamana imehamia Bungoma. Msimbo unaoanza kwa 4 ni sawa na kuambiwa “njoo baadaye”. Unaoanza kwa 5 ni kukataliwa, na mtumaji hurudishiwa taarifa. Umeme ukipotea Bungoma na seva yake ikazimika, barua haipotei. Postfix isipobadilishiwa mpangilio huihifadhi kwenye foleni na kujaribu tena na tena kwa muda wa siku 5. Karani anayezijua tofauti hizi anaweza kumwambia mwenyekiti kwa uhakika kama asubiri au apige simu.

Sitiari inapovunjika

Posta hupokea barua ya yeyote aliyebandika stempu. Mwanafunzi aliyeishika sitiari hii barabara ataona ni jambo la kawaida seva yake kupokea barua ya mtu yeyote na kuipeleka kokote. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii. Seva inayowabebea wageni barua za kwenda kwa wageni wengine hugunduliwa upesi na watuma barua taka, hutumiwa usiku kucha, na asubuhi huwa imekwisha kuingizwa katika orodha za seva zisizoaminika. Kuanzia hapo ankara halali za ushirika hukataliwa hata Bungoma, na wakulima hawalipwi kwa wakati.

Hapa Kiswahili kina picha bora kuliko posta, nayo ni mbio za kupokezana vijiti. Mkimbiaji hapokei kijiti cha kila ampitiaye. Hupokea cha timu yake tu. Istilahi upokezanaji ikifundishwa kwa picha hii, kanuni hueleweka bila maelezo marefu: seva ipokee barua ziendazo kwa wenyeji wake, na ipeleke nje barua za wenyeji waliothibitisha nywila zao. Basi. Katika nyanda zilizolea wanariadha wengi kiasi hicho, inashangaza kwamba picha hii haitumiwi zaidi madarasani.

Sitiari ya posta huficha jambo jingine. Nyuma ya bahasha mtu anaweza kuandika jina lolote la mtumaji, na SMTP ya 1982 haikulizuia hilo. Ndiyo maana kikoa cha leo hutangaza seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake, utaratibu uitwao SPF, na hutia barua muhuri unaoweza kuhakikiwa, uitwao DKIM. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zimekuwa zikidai angalau kimoja kati ya viwili hivi kwa kila mtumaji, na vyote viwili kwa wanaotuma kwa wingi. Istilahi za Kiswahili za dhana hizi bado hazijatulia. Idhini ya mtumaji na muhuri wa kikoa zingeweza kujaribiwa.

Kusimamia

Kusimamia ni kusimama juu ya jambo. Kila asubuhi karani hufungua rajisi ya seva na kuisoma mstari kwa mstari: saa, mtumaji, mpokeaji, msimbo. Msomaji wa fasihi angeutambua uzoefu huo, kwani matini ni kavu, wahusika ni wengi, na kisa chote kimefichwa katika tarakimu tatu. Foleni ikiwa na barua kumi, pengine umeme umepotea mahali. Ikiwa na elfu kumi kabla ya ofisi kufunguliwa, mgeni amekwisha kukishika kijiti.